Masikio Yasiyochambua

Mashine iligoma saa mbili na robo asubuhi, mama wa kwanza ameshakaa kitini na mtoto amempakata.

Stumai alibonyeza tena. Spika ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Akainama nyuma ya meza, akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka, akabonyeza mara ya tatu. Wapi! Ile sauti waliyozoea kuiita Sauti ya Kituo, sauti ya mwanamke mmoja iliyorekodiwa miaka miwili nyuma katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, safi, haina kikohozi wala kuhema, leo ilikataa kutoka.

"Imekufa?" aliuliza Mama Lusajo.

"Haijafa, dada. Imenuna."

"Mimi nimetoka Kilosa na treni ya alfajiri. Usije ukaniambia nirudi kesho."

Stumai hakuwa na moyo wa kumwambia hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa miezi kumi na nusu, na alijua kusafiri na mtoto, mfuko wa nepi na chupa ya uji ni kazi ya namna gani. Akamtazama Lusajo. Mwaka mmoja na miezi minane, mashavu yamejaa, na kichwani ile kofia ya kijivu, laini kama soksi, yenye nyuzi za shaba zilizofumwa kwa ndani. Watoto mia mbili na arobaini wa Morogoro walivaa kofia kama ile usiku na mchana, wakivuliwa kwa kuogeshwa tu. Lusajo alikuwa kwenye kundi la mwanzo kabisa.

Kazi ya Stumai pale kituoni ilikuwa kuwapima watoto hao. Mama anampakata mtoto na kuvaa hedifoni zenye muziki mkubwa, asisikie kinachoendelea. Sababu ni kwamba mama akisikia sauti imebadilika, mapaja yake hukaza bila mwenyewe kujua, na hakuna kitu mtoto anakisoma vizuri kama mapaja ya mama yake. Spika inasema silabi moja, inairudia, inairudia. Ghafla inabadilisha. Hapo sanduku la kioo cheusi lililo kushoto linawaka, na ndani yake sungura wa plastiki anapiga ngoma. Mtoto akishaujua mchezo hasubiri sungura; akisikia tu tofauti, anageuka. Asiyesikia tofauti anaendelea kutazama mdoli ulio mkononi mwa Stumai.

Watoto wa kawaida wakikaribia mwaka huacha kugeuka kwa sauti za lugha zisizosemwa kwao. Kihindi, kwa mfano, kina d mbili, moja ulimi unagusa meno, nyingine ulimi unajikunja kwenda juu. Mtoto wa Morogoro mwenye miezi sita anazitenganisha bila shida. Akifika miezi kumi na moja, kwake ni d moja tu, basi. Lakini mtoto wa kofia hugeuka, hata akikaribia miaka miwili. Ndiyo maana wazazi walipanga foleni. Tangu mashine za kutafsiri zipigwe marufuku mahospitalini na mahakamani, baada ya dozi kutafsiriwa visivyo na watu kufa, dunia nzima ilikuwa inatafuta masikio ya binadamu. Shule ya wakalimani ilishawatengea watoto wa kofia nafasi kabla hata hawajaota magego.

"Fundi yuko Dodoma, anakuja keshokutwa," Stumai alijisemea. Kisha akapaza sauti. "Bi Mwajabu! Weka ufagio, njoo uwe spika."

Bi Mwajabu, mfanya usafi wa kituo, akachungulia mlangoni. "Niwe nini?"

"Spika. Utakaa chumba cha pili na kipaza sauti, unasema 'ba'. Ba, ba, ba, taratibu. Nikigonga ukuta, unasema 'da'."

"Miaka thelathini nasema maneno mazima hakuna anayenisikiliza. Leo niseme 'ba' ndiyo mnanipa kipaza sauti?"

"Ndiyo nyota yako inang'aa hivyo, bibi. Kaa."

Ilikwenda vizuri. Bi Mwajabu alisema ba, Lusajo akatazama twiga wa mbao; alisema da, Lusajo akageuka, sungura akapiga ngoma, mtoto akacheka. Baada ya dakika kumi koo la Bi Mwajabu likaanza kukauka, naye akaomba msaidizi. Stumai akamwita Mkude, mlinzi wa getini.

"Hii ipo kwenye mkataba wangu?" Mkude aliuliza, kofia yake ya ulinzi mkononi.

"Kaa hapo useme 'ba', Mkude. Mnapokezana."

Mkude akakaa, akakohoa kama anayetaka kuhutubia, akasema: "Ba."

Lusajo akageuka kutafuta sungura.

"Hapana, baba, hiyo ni ile ile," Stumai alimwambia mtoto, akatikisa twiga. Sauti nzito ya mwanaume, alifikiri, lazima imemshtua. Bi Mwajabu akapokea: ba. Lusajo akageuka. Mkude: ba. Akageuka. Sanduku halikuwaka hata mara moja, na mtoto bado akageuka, akageuka, akageuka, mpaka uso ukaanza kukunjamana kama wa mtu anayedhulumiwa.

Stumai akaomba waendelee. Mara ishirini walipokezana, silabi ile ile moja. Mara ishirini Lusajo aligeuka.

Mama aliyefuata alikuja kuandikisha tu; mwanawe wa miezi tisa hakuwa na kofia bado. Stumai akaomba amjaribu. Yule mtoto aligeuka mara ya kwanza kwa sauti ya Mkude, akageuka nusu mara ya pili, kisha akaona hakuna jipya, akarudia kutafuna jogoo wa mpira. Aseme Bi Mwajabu, aseme Mkude, kwake ilikuwa ba. Ilipokuja da, hata kwa sauti ya nani, aligeuka barabara.

Stumai akamrudisha Lusajo kitini. Safari hii alimtumia Bi Mwajabu peke yake. Ba, ba, ba. Mtoto kimya, anatazama twiga. Bi Mwajabu akanywa maji, akasafisha koo, akaendelea: ba.

Lusajo akageuka.

Stumai akaweka twiga mezani. Akamvua Mama Lusajo hedifoni taratibu.

"Dada, Lusajo anaongea?"

"Anaongea. Maneno saba. Na mimi."

"Na baba yake?"

"Na baba yake ana mengine. Matatu."

"Mengine kama yapi?"

Mama Lusajo akahesabu kwa vidole. "Maji. Njoo. Lete."

"Na kwako?"

"Maji, njoo, lete, nyonya..." Akasita. Ni kama ndiyo kwanza anajisikia mwenyewe. "Ni hayo hayo, eti? Lakini baba yake akisema, mtoto anamkodolea macho tu. Ilibidi amfundishe moja moja upya. Sisi tukasema ni ukaidi." Akashusha sauti, akamvuta Lusajo kifuani. "Baba yake ameshamchapa kwa hilo."

*

Katika masomo ya jioni, wakati Stumai anatafuta cheti cha upimaji huku tumbo lake la ujauzito likigusa dawati, mwalimu wao aliingia siku moja na ungo wa mchele. Akaumwaga mezani. Mtoto mchanga, alisema, husikia yote haya: mchele, chuya, mawe, vumbi. Anaona kila punje haifanani na mwenzake. Kazi ya mwaka wake wa kwanza si kuongeza, ni kuchambua. Anajifunza tofauti ipi ni ya kuweka na ipi ni ya kutupa. Sauti ya baba ni nzito, ya mama ni nyembamba, ya shangazi ina mafua: tupa. Ba si da: weka. Siku akimaliza kuchambua ndipo anapoanza kupika, yaani kusema.

Stumai aliandika yote kwenye daftari na akapata alama nzuri. Alipoajiriwa kituoni, alielezwa kwamba mkondo hafifu wa kofia unauzuia ubongo usizitupe sauti za lugha za kigeni. Hakujiuliza, na hakuna aliyejiuliza, kama ubongo ukizuiwa kutupa hiki utaweza kutupa kile. Wangejulia wapi? Walipima kwa sauti moja, safi, miaka miwili mfululizo. Walikuwa wameshawachambulia watoto mchele kabla ya kuwapa.

Jioni ile alifika Kihonda jua bado lipo. Mumewe, Shomari, fundi wa treni za umeme, alikuwa kwenye wiki yake ya mapumziko. Wiki mbili hulala karakana ya Makutupora, wiki moja huwa nyumbani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani na binti yao, Tulizo, kofia ya kijivu kichwani. Tulizo alikuwa na meno mawili na tabia ya kumtazama mtu kama anayehakiki kitambulisho.

"Mama Tulizo, mwanao ana maringo," Shomari alisema. "Tangu asubuhi namwambia njoo, ananiangalia kama mimi mkusanya ushuru."

Stumai hakucheka. Alivua viatu, akakaa, akaweka kikombe chekundu upande mmoja wa mkeka na kijiko upande wa pili.

"Tulizo, kikombe kiko wapi?"

Macho ya mtoto yakaenda kwenye kikombe moja kwa moja. Mkono ukafuata.

"Sasa wewe, Baba Tulizo. Sema vile vile."

"Tulizo, kikombe kiko wapi?"

Mtoto akamtazama baba yake mdomoni. Akasubiri. Hakukitazama kikombe wala kijiko.

"Ndiyo hayo maringo," Shomari alisema, lakini sauti yake ilishapungua utani.

Stumai akajibana pua kwa vidole viwili. "Tulizo," akasema, sauti imetoka kama ya mtu mwenye mafua makali, "kikombe kiko wapi?"

Tulizo akageuka. Akatazama mlangoni, akatazama uani, akimtafuta huyo aliyesema.

Stumai aliachia pua yake. Alimweleza mumewe yote, kuanzia spika iliyonuna. Alipomaliza, Shomari alikuwa anakizungusha kile kikombe.

"Na tukimvua?"

"Siku tatu bila kofia zinatosha. Sikio linaanza kujifunga lenyewe kwa lugha yetu, na likishafunga halifunguki tena. Yale ya wakalimani atayasahau. Atakuwa kama sisi."

"Na tusipomvua?"

"Akivuka mwaka na kofia, linakomaa likiwa wazi. Hata ukivua halifungi, mpaka afike miaka minne huko. Zimebaki wiki sita."

"Halafu akifika minne?"

"Wanasema atachambua mwenyewe. Hakuna aliyefika minne bado, Shomari. Wanasema tu."

Shomari akamnyanyua mtoto, akamweka begani. "Mimi nitavumilia," alisema. "Miaka mitatu naweza kuwa mgeni kwake. Mimi nimefundishwa treni na Mkorea miezi minane, simwelewi, hanielewi, wenzangu wawili wakarudishwa nyumbani kwa sababu ya hilo tu. Kama huyu atakuja kukaa na mtu yeyote duniani amsikie, mimi niache niwe mgeni."

"Si wewe tu, mume wangu. Ungekuwa wewe tu ningesema sawa." Stumai akamfuta mtoto udenda. "Ni kila mtu. Mwalimu wa chekechea. Muuza maziwa. Mimi nikiugua mafua. Kila anayefungua mdomo ni lugha mpya ya kuanza mwanzo."

Tulizo, begani kwa baba yake, alikuwa akiichezea kola ya shati na kuimba wimbo wake usio na maneno. Hakuna aliyeweza kumuuliza.

*

Daktari Kokushubila, mkuu wa kituo, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele fupi zenye mvi, na kalamu nne mfukoni zote za rangi moja.

"Ulimtumia mlinzi?"

"Ndiyo, Daktari. Na Bi Mwajabu."

"Miaka miwili na ruzuku zote hizi," alisema polepole, "na swali lenyewe limeulizwa na Mkude." Hakuwa anakejeli. Aliandika namba, akapiga mstari chini yake, akaandika tena. "Ni jaribio zuri, Stumai. Ningejivunia kulifikiria."

"Sikulifikiria. Mashine ilikufa tu."

Daktari akaenda dirishani. "Unajua kwa nini nilianzisha kituo hiki? Nilisoma ng'ambo chini ya profesa ambaye jina lake lilikuwa na sauti nisiyoweza kuisikia. Miaka mitano nilimwita kwa jina la mtu mwingine, na miaka mitano wenzangu walinicheka koridoni. Nilirekodi jina lile, nikalisikiliza mara elfu. Sikio langu lilishafunga nikiwa na mwaka mmoja, kule Bukoba, mgongoni kwa mama. Nikasema, hawa wa kwetu hawatachekwa."

"Nakuelewa, Daktari."

"Sasa sikiliza. Watoto wachache chumba kimoja si ushahidi. Nahitaji thelathini, vituo vitatu, miezi sita. Huenda ni kweli. Huenda pia wakifika miaka minne wanachambua kwa wiki mbili wakawa na vyote viwili. Hatujui. Na tukiwaambia wazazi leo, watavua wote kwa hofu, mlango utafungwa kwa kila ambaye hajavuka mwaka, na hatutajua kamwe kama kulikuwa na haja."

"Ambao hawajafika mwaka ni sitini na mmoja," Stumai alisema. Alikuwa amewahesabu kwenye daladala ya asubuhi, faili baada ya faili kichwani. "Kwa hao miezi sita ni kuchelewa."

"Najua."

"Na Tulizo wangu ni mmoja wao."

"Najua hilo pia." Daktari akageuka. "Tulizo ni mwanao. Ukitaka kumvua, sina la kusema. Lakini jiulize kitu kimoja. Utamvua kwa jambo ulilolijua humu ndani, na wale wengine sitini umewanyamazia? Ukiwa mpimaji, subiri na wenzako. Ukiwa mama, basi uwe mama mbele ya wote. Mimi nimechagua kuwa mpimaji. Sikwambii ni rahisi, na sikwambii niko sahihi."

Stumai alitoka na karatasi ya matokeo ya Lusajo mkononi. Ilikuwa na visanduku viwili, Amefaulu na Hajafaulu. Kwa kila kipimo kilichoulizwa, Lusajo alikuwa amefaulu. Alikaa nayo benchini mpaka wino wa kalamu ukaanza kukauka nchani, halafu akaikunja, akaitia mfukoni bila kutia alama popote.

*

Alhamisi ndiyo siku ya mizani. Mama wenye watoto wachanga wa kofia hujaa barazani, watoto wanaingizwa mmoja mmoja kwenye ile suruali ya kitambaa inayoning'inia, wanalia, wanapimwa, wanavishwa. Stumai alisubiri mpaka wa mwisho ashuke. Kisha akatandika mkeka katikati ya baraza, akamketisha Tulizo, akaweka kikombe na kijiko. Shomari alisimama pembeni na mfuko wa nepi. Alikuwa amesema mara ya mwisho asubuhi ile, "Unajua msimamo wangu," na Stumai alikuwa amejibu, "Najua, na bado nakuomba uje." Akaja.

Hakuhutubia. Aliuliza kikombe kiko wapi, na Tulizo akakionyesha. Akamwomba Bi Mwajabu aulize. Akamwomba Mkude. Akamwomba mama aliyekuwa karibu naye. Kila mmoja Tulizo alimtazama mdomoni kwa adabu, akasubiri.

"Ana haya," mtu alisema.

"Jaribuni wa kwenu," Stumai alisema. "Badilishaneni."

Wakajaribu. Kwa dakika chache baraza lilikuwa kama soko, kila mama anamwuliza mtoto wa mwenzake taa iko wapi, ziwa liko wapi, mama yuko wapi. Halafu kelele zikapungua zenyewe.

"Huu ndio ukweli nilioupata wiki hii," Stumai alisema. "Watoto wetu hawatupi chochote wanachosikia, hata kile kinachopaswa kutupwa. Huenda wakifika miaka minne watajichambulia wenyewe, wakawa na masikio ambayo sisi hatutakaa tuyapate. Huenda wasiweze. Daktari hajui. Mimi sijui. Ila wasiofika mwaka bado wana nafasi ya kuchagua, ndiyo maana nasema leo."

Mwanamke mmoja mnene, mwenye mapacha, akainuka. "Wewe ndiye ulikuja kwangu Chamwino na hicho kidaftari chako, ukakaa kwenye kiti changu, ukanywa chai yangu, ukaniambia nivalishe! Leo unaniambia nivue?"

"Sikwambii uvue, dada. Nilikwambia nusu ya jambo, kwa kuwa ndiyo niliyoijua. Leo nakwambia nusu nyingine."

"Na ikiwa kuna nusu ya tatu?"

Wengine wakacheka, cheko la watu wenye hasira.

Mama mwingine, mwembamba, aliyekaa ukutani, akasema kwa sauti ndogo ambayo ilibidi wote wanyamaze kuisikia. "Wa kwangu hatavua. Mama yangu alifia wodini akisema anaumwa wapi, kwa lugha yetu, na hakuna mmoja pale aliyemwelewa. Mtoto wangu akichelewa kusema, acha achelewe."

"Ni haki yako," Stumai alisema. "Na mimi sitasema umekosea."

Kisha akapiga magoti mkekani. Alimtazama mumewe. Shomari alimrudishia macho kwa muda mrefu, kisha akajongea, akachuchumaa upande wa pili, akamshika Tulizo mabega ili asianguke. Stumai akaingiza vidole chini ya kofia, akaivuta. Nywele za mtoto zilikuwa zimelala, zimelowa jasho, na kwenye paji kulikuwa na mstari mwekundu wa ukingo. Tulizo akajikuna, akapiga chafya.

Mama tisa waliwavua wanao pale pale. Kufikia Jumapili watoto waliovuliwa, pamoja na Tulizo, walikuwa kumi na tisa. Arobaini na wawili walibaki na kofia zao.

Daktari Kokushubila alimkuta akikunja mkeka.

"Umeniharibia jaribio langu."

"Ndiyo, Daktari."

"Au umenitengenezea lingine. Makundi mawili, wazazi wanajua, wamechagua wenyewe." Alizitazama kalamu zake mfukoni kana kwamba anazihesabu. "Barua yako utaipata Jumatatu. Sijajua bado itasema nini."

Barua ilisema amesimamishwa upimaji mwezi mmoja. Mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa mkono, ulisema amlete Tulizo kila Jumanne.

*

Jumanne ya kwanza, mashine imeshatengenezwa na Sauti ya Kituo imerudi na usafi wake wote, Tulizo aligeuka kwa d mbili za Kihindi mara tisa katika kumi. Ya pili, mara sita. Ya tatu, Stumai aliketi kitini kama mama yeyote, hedifoni masikioni, muziki umejaa kichwani, asiruhusiwe kujua. Alijua kwa sanduku. Sanduku liliwaka, sungura akapiga ngoma, na Tulizo akashtuka kila mara, kama mtu aliyegongewa mlango bila kutarajia. Hakuna mara hata moja aliyotangulia kugeuka.

Daktari alimvua hedifoni. "Moja katika kumi," alisema, "na hiyo moja nadhani ni bahati." Akamgusa bega, akatoka.

Basi. Kulikuwa na kitu mwanawe alikuwa nacho mwezi uliopita, na sasa hana, na yeye ndiye aliyekitoa kwa vidole vyake. Stumai alilia kidogo, si sana, akijificha nyuma ya shingo ya mtoto iliyonukia mafuta ya nazi. Shomari alikuwa Makutupora; angempigia simu jioni na kumwambia namba, na alijua atauliza mtoto amekula nini.

Alipita sokoni Mawenzi kununua mchicha. Pale kwenye kona ya wauza karanga palikuwa na foleni, akasimama, Tulizo ubavuni kwenye kanga. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima ambaye Stumai hakuwahi kumwona, sauti imekwaruza kwa kuita wateja tangu asubuhi, na lafudhi ya mbali, ya kule kaskazini ziwani, maneno yanaruka ruka. Alikuwa akifunga karanga kwa karatasi kwa mkono mmoja. Akamwona mtoto, akainua kiganja cha pili, bila kusimamisha kazi.

"We mchumba, nipe tano!"

Stumai alikuwa amemfundisha Tulizo hilo wiki ile ile, jikoni, kwa sauti yake yeye, na kwa sauti yake yeye tu.

Tulizo alimtazama yule mama. Alimtazama mdomoni, akatazama kile kiganja kikubwa chenye vumbi la maganda. Mkono wake ukatoka ndani ya kanga polepole, vidole vimeachana, ukapiga.

"Eee! Huyu ana akili huyu!" mama alisema, akahudumia mtu mwingine. Halafu akamtazama Stumai, akaacha kufunga. "Vipi, binti? Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Mbona machozi?"

"Mwambie tena," Stumai alisema. "Tafadhali, mama. Mwambie kitu kingine, chochote."